Mkwe Dirishani, Mimi Nyuma ya Jiko

Jiko langu la stima lina umri mkubwa kuliko watoto wangu wote, na halijawahi kunijibu vibaya. Siwezi kusema hivyo kuhusu watoto. Marehemu mume wangu na mimi tulilichagua Kitale, kwenye duka la familia moja ya Kihindi, likaletwa hapa Bungoma juu ya lori la mahindi. Keki za harusi za kanisa letu, karibu zote, zimetoka kwenye oveni yake.

Baada ya mvua za mwaka jana likaanza kupiga shoti. Ukiligusa bila viatu, mkono unarushwa kama umepigwa fimbo. Tukazoea. Niliweka patipati za mpira mlangoni pa jikoni, kila anayeingia anavaa, maisha yanaendelea. Lakini kifungua mimba wangu alipokuja kunitembelea, akaligusa akiwa na soksi tu. Loo! Alipiga mayowe mpaka jirani akaja na panga. Palepale akaamua kuninunulia jiko la gesi, na hili langu alichukue mtu wa vyuma vikuukuu, Jumamosi saa kumi.

"Mama, hiyo jiko itakuua," akasema.

"Ingetaka kuniua ingeniua zamani," nikamjibu. Nilicheka mbele yake, kisha nikaingia chumbani nikalia. Vitu vingine vyote tulivyonunua na baba yao vimeshavunjika au vimeibwa.

Sasa, binti yangu wa mwisho ameolewa na fundi wa stima, huko Kitale. Taabu ni kwamba kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hatupeani mkono, na jikoni mwangu haingii hata nyumba iwake moto. Nilimpigia simu hivyo hivyo. Jumamosi saa saba akafika, akasimama nje ya dirisha la jikoni, akanipa mgongo.

"Mama, leo fundi ni wewe," akasema. "Mimi ni mdomo tu."

Akaniambia nizime swichi kubwa kwanza. Kila alichotaka kunipa alikiweka kwenye dirisha, akarudi nyuma hatua mbili, ndipo nikachukua. Bisibisi ikaja hivyo, mita ya kupimia stima ikaja hivyo. Nikafungua bati la nyuma. Vumbi lililokuwa humo, aibu tupu, nikashukuru kwamba hawezi kuliona.

"Weka mguu mmoja wa mita kwa bodi, hilo bati la jiko lenyewe, mwingine kwa waya. Mshale ukiruka, hapo ndipo stima inavuja."

Nikapima koili ya oveni. Mshale kimya. Nikapima sahani za kupikia za juu, moja baada ya nyingine. Kimya. Nilipofika kwenye waya mnene wa nyuma, mshale ukaruka, na mimi nikapiga kigelegele. Panya walikuwa wameula, shaba imelalia bati. Ati panya! Nimewalisha mahindi yangu mwaka mzima, na hiyo ndiyo asante yao.

Waya mpya ukapita dirishani. Nilikuwa naikaza skurubu ya mwisho mkokoteni ulipoingia uani.

"Mathe, iko wapi hiyo jiko?" mwenye mkokoteni akauliza. "Niko na haraka, bana."

"Subiri!" nikamfokea.

Mkwe akaniambia niwashe swichi, kisha niguse bodi na testa, ile bisibisi yenye taa ndogo ndani. Taa ikiwaka, bado kuna stima kwenye bodi. Nikagusa. Jua lilikuwa linaingia moja kwa moja, na macho yangu si yale ya zamani. Sikuona taa ikiwaka, wala sikuona kwamba haiwaki.

"Haiwaki," nikasema. Nikaweka testa chini, nikavua patipati ili yule mtu aone kwa macho yake kwamba jiko langu halina neno. Nikanyoosha mkono.

"Mama. Umeona, ama umesema tu?" mkwe akauliza kutoka dirishani.

Nilikuwa mwalimu miaka mingi, nikichapa watoto kwa sababu ya uongo. "Nimesema tu," nikajibu.

Nikasikia viatu vinakimbia. Mkwe akaingia jikoni, nami nikajifunika uso kwa leso. Akaokota testa, akaigusisha kwenye bodi, akakinga jua kwa kiganja.

"Inawaka, Mama," akasema. "Inawaka kabisa."

Nilikuwa nimesimama pekupeku kwenye saruji yenye maji.

Akazima, akainama mwenyewe. Panya walikula mahali pawili, na ule waya wa kijani unaopeleka stima ardhini ulikuwa umekatika siku nyingi. Alipomaliza akapima mara tatu, akamwita hata mwenye mkokoteni aje aangalie. Taa ilikuwa nyeusi tititi. Yule mtu akanywa chai yangu, akaondoka na sufuria mbili zilizotoboka.

Mkwe alibaki karibu na mlango, macho chini, mkoba mkononi.

"Mama, unisamehe. Nimeingia."

Nikaitoa leso usoni.

"Ungebaki pale dirishani ungekuwa mkwe mwenye heshima sana," nikamwambia, "kwenye matanga yangu. Vuta kiti, ukae."

Akakaa. Nikawasha oveni.