Je, Ganda la Ndizi ni Gumu?

Wapo watu wanaokumbukwa Mbeya kwa kujenga shule, na wengine kwa kuleta bomba la maji. Mimi, kama haki ingetendeka, ningekumbukwa kwa neno moja tu: ngumu. Siku hizi nawasikia wataalamu wakilitamka kwenye semina, "taka ngumu, taka ngumu," wamevaa tai zao, na hakuna hata mmoja anayecheka. Sidai kwamba walilitoa kwangu. Huenda karani mwingine katika mji mwingine alifungua kamusi kama yangu akaharibu kama mimi. Ila kwa mji wetu, katika miaka ile ya sabini, aliyeharibu ni mimi, na aliyeumia ni mama yangu.

Nilikuwa mpiga chapa wa ofisi ya afya. Mabaraza ya miji yalikuwa yamevunjwa na kazi zake kuhamishiwa mkoani, kwa hiyo taka za mji zikawa za mkoa, maana yake hazikuwa na mwenyewe. Tulikuwa na trekta moja lenye tela, wazoaji wachache, na Bwana Afya, mkuu wangu, mtu aliyeupenda muhuri kuliko ufagio. Asubuhi moja akaniwekea mezani kanuni za usafi wa mji za tangu enzi za Mwingereza. Agizo lilikuwa limetoka juu: kanuni zipelekwe kwa mabalozi wa nyumba kumi kumi kwa Kiswahili, zifuatwe, na taarifa ya utekelezaji iwe tayari kabla wakaguzi hawajafika.

"Binti, si ulifika Fomu Foo wewe?"

"Nilifika, mzee."

"Basi tafsiri. Kesho nataka stensili."

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, sijathibitishwa kazini, na kichwa kimejaa ujuaji. Kanuni ya pili ilisema mji una wajibu wa kuzoa taka za aina fulani, na aina hiyo ilitajwa kwa maneno mawili ya Kiingereza. La pili lilikuwa taka, nililijua. La kwanza nikalitafuta kwenye kamusi ya ofisi, ambayo panya walikuwa wamekwisha kula kurasa za mwanzo. Ikanipa "-gumu", halafu chini yake maelezo marefu. Mwenye haraka hasomi maelezo. Nikaandika "taka ngumu" nikaendelea na kanuni ya tatu, kisha ya nne, iliyosema kwamba mwenye jengo lililo jirani na lundo la taka ndiye atakayewajibika kwa lundo hilo.

Bwana Afya alisoma kwa sauti, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Taka ngumu! Hapo umepiga penyewe. Ina uzito." Akagonga muhuri.

Mabalozi waliitwa pamoja na wazoaji taka. Waraka uliposomwa, mnyapara wa wazoaji alisimama. Alikuwa mzee wa Kinyakyusa, mtulivu, mwenye koti la mvua ambalo sijawahi kumwona hajalivaa.

"Bwana Afya, mimi nauliza. Ganda ya ndizi ni ngumu ama si ngumu?"

"Ndugu, waraka umeusikia. Unasema ngumu. Ganda la ndizi ukilikanyaga linafanyaje?"

"Inaniangusha."

Watu wakacheka. Bwana Afya hakucheka, kwa sababu alikuwa hajui jibu, na mkubwa asiyejua jibu hukimbilia ukali. "Basi si gumu! Kisicho kigumu hakimo kwenye waraka, na kisichomo kwenye waraka si kazi ya ofisi hii."

Tukakaa pale mpaka saa sita tukijadili gunzi. Gunzi bichi ni laini, gunzi kavu ni gumu, je, lililonyeshewa? Balozi mmoja akauliza habari ya kabichi. Akajibiwa kwamba kabichi nzima ni ngumu ila majani yake ni laini. Mwingine akasema hajawahi kumwona mtu akitupa kabichi nzima. Akaambiwa akae chini. Mnyapara ndiye aliyetoka amefurahi kuliko wote, maana sehemu kubwa ya mzigo wake ilikuwa maganda, na sehemu kubwa ya harufu pia. "Ndaga fijo, karani," aliniambia mlangoni, akinishukuru kana kwamba nimempa likizo. Na kweli nilikuwa nimempa.

Mji ukatii. Sijapata kuona mji ukitii namna ile. Watu walitoa mawe, mifupa, chupa, makopo, mabati yenye kutu. Kila nyumba kumi zilishindana na jirani zao, na ambaye hakuwa na kitu kigumu alikitafuta. Mzee mmoja wa kilimani alitoa jiwe la kusagia la marehemu mama yake ili nyumba zake kumi zisiwe za mwisho, na mkewe akalifuata trekta mpaka barabara kuu akidai jiwe la mkwe wake. Nikachapa taarifa: "Taka ngumu zote zimezolewa." Haikuwa na uongo hata chembe. Ndiyo raha ya taarifa za ofisi.

Taka laini nazo zilibaki nyuma ya soko. Wakati huo ni masika, na masika ya Mbeya hayana huruma. Ndizi zilishuka kutoka Tukuyu, viazi kutoka milimani, na maganda yake yote yakaishia kwenye lundo lile moja, likalowa, likavimba. Ubavuni mwa lundo ndipo palipokuwa na mgahawa wa mama.

Ulikuwa kibanda cha mabanzi kutoka Mafinga, chenye paa la bati, meza tatu na jiko moja. Mama alikuja Mbeya kutoka Igowole, kwa Wahehe, akiwa mke wa mtu. Mume akafa, mgahawa ukabaki. Watu huning'iniza ukutani picha ya harusi. Mama alining'iniza leseni, ndani ya fremu ya kioo. Kila mwaka leseni ile ilihitaji muhuri wa Bwana Afya. Bila muhuri hakuna mgahawa, na bila mgahawa mama hana cha kumweka mjini; angerudi Igowole akaishi kwa kaka zake kama mgeni asiyeondoka.

Lundo lilipofika usawa wa dirisha, wateja wakawa wanakula kwa mkono mmoja na kufukuza nzi kwa mwingine. Ndipo Bwana Afya alipopita mwenyewe, akampa mama onyo kwa kanuni ya nne: lundo liko jirani na jengo lake, kwa hiyo ni lake. Liondoke kabla ya wakaguzi, au leseni iondoke.

"Mwanangu," mama aliniuliza siku hiyo, "wewe uko huko ofisini. Huyu aliyeandika 'ngumu' alikuwa na maana gani?"

"Ni Kiswahili cha ofisi, mama."

Ulimi wangu ulikuwa mwepesi kuliko moyo wangu. Kesho yake nikaifungua kamusi, nikasoma yale maelezo marefu. Yalisema jambo ambalo hata mtoto angelielewa: kila kitu kisicho cha majimaji wala cha hewa. Ganda lilikuwamo. Jani la kabichi lilikuwamo. Nikamwendea Bwana Afya na kamusi mkononi.

Alisoma, akaifunga taratibu. "Binti, waraka ukishagongwa muhuri haukosei. Anayekosea ni msomaji. Unataka niuandikie mkoa kwamba ofisi yangu haijui Kiingereza?"

"Lakini mzee, lile lundo..."

"Faili lako la kuthibitishwa liko hapa mezani kwangu. Bado nalisoma. Mimi husoma polepole."

Nikarudi kwenye kiti changu. Niliona aibu, sitaki kujifanya sikuiona. Lakini niliketi, nikaingiza karatasi kwenye mashine, nikachapa.

Mama hakungoja Kiswahili cha ofisi kibadilike. Alimvizia mnyapara trekta lilipopita.

"Baba, nisaidie kulibeba hili."

"Mama, hii mimi siwezi beba. Kibali yangu ni ya ngumu. Nikibeba laini nafukuzwa."

"Na zikikauka?"

Mnyapara alifikiri sana, maana alikuwa mtu mwaminifu na hakutaka kuidanganya serikali wala mama. "Zikikauka mpaka zinalia," akasema, "nabeba."

Basi mama akaanza kukausha taka. Jua lilipochomoza kati ya mvua mbili, alianika maganda juu ya bati. Mvua iliporudi, aliyashusha kwenye uchanja alioufunga juu ya jiko, moshi ukamaliza kazi. Kila asubuhi trekta lilisimama. Mnyapara alishuka, akachukua ganda moja moja, akaligonga kwenye madigadi ya trekta huku ametega sikio. Lililolia lilipanda kwenye tela. Lisilolia lilirudishwa kwa heshima zote: "Hii bado, mama. Labda kesho." Naye mama alijibu, "Haya baba, kesho," akalirudisha kwenye uchanja. Wiki ya tatu lundo likashuka chini ya dirisha, na wauza ndizi wakaanza kuja kumuuliza mama namna ya kuligeuza ganda lisiungue. Nilimwonea fahari sana. Mwanamke aliyekuwa akitii kanuni mbovu kwa akili kubwa kuliko ya walioitunga!

Wakaguzi walitoka Iringa, mkoa jirani, wanaume wawili na mwanamama mmoja aliyekuwa mkuu wao. Bwana Afya akanichukua niandike kumbukumbu. Tukawaonyesha uwanja wa taka ngumu: mawe yamepangwa, makopo yamepangwa, mifupa imepangwa. Wakapendezwa, ingawa mmoja aliuliza kwa nini mji umezoa mawe. Halafu tukafika sokoni, na kabla Bwana Afya hajawageuza njia, mkuu wa wakaguzi akaona bati la mama limetapakaa maganda. Akaingia ndani. Akatazama juu, akaona uchanja, na chini ya uchanja sufuria ya maharage.

"Mama, kamwene," alimwamkia kwa Kihehe, kwa sababu alikuwa amesikia lafudhi yake alipotukaribisha. "Hii ni nini?"

"Kamwene, mama. Hizi ni taka laini. Nazikausha ziwe ngumu ili serikali izichukue."

Alilisema bila dhihaka hata kidogo, na ndiyo maana liliuma. Yule mkuu aligeuka.

"Nani kawaambia watu taka laini hazizolewi?"

Bwana Afya akanitazama. Mimi nikatazama daftari langu. Neno lilikuwa limenifika kooni, na kama ningelitoa, lingekuwa fupi: mimi. Bwana Afya aliniwahi.

"Mkubwa, tatizo la watu wetu hapa ni lugha. Kiswahili wamekikuta ukubwani. Waraka uko sawasawa, ila wao hawauelewi."

Mama alisimama pale, mwiko mkononi, akisikiliza akiambiwa hajui Kiswahili na mtu ambaye hakujua kama ganda ni taka. Nami nikaandika kwenye daftari: "Wananchi hawaelewi waraka." Nililiandika kwa mwandiko mzuri.

Yule mkuu hakuwa mjinga. Aliagiza palepale kwamba kuanzia kesho taka zote zizolewe, ziwe ngumu, laini au za kati. Lakini alikuwa mkaguzi, na mkaguzi akishaona hawezi kusema hakuona. Kanuni ya tisa ilikataza kuanika taka juu ya jengo la chakula au ndani yake. Hilo halikuhitaji kamusi.

Kesho yake trekta likaja likabeba lundo lote lililobaki, bichi, likichuruzika maji, na mnyapara hakugonga ganda hata moja. Saa nne Bwana Afya akaniletea rasimu mbili nizichape. Alikuwa amemaliza kulisoma faili langu. Ya kwanza ilikuwa barua ya kunithibitisha kazini. Ya pili ilikuwa ya kumfungia mama mgahawa. Nilizichapa zote kwa nakala tatu, nikazitazama kama zina makosa, nikampa tarishi.

Nilipofika mgahawani jioni, mama alikuwa ameketi kwenye meza ya katikati na barua mbele yake. Fremu ya leseni ilikuwa tupu. Alikuwa amejifunza kusoma mwaka uliotangulia katika darasa la watu wazima, na hakutaka kusomewa na mtu, kwa hiyo nikasimama nikangoja. Alisoma akifuata kidole, kutoka kumbukumbu namba mpaka kwenye muhuri. Akarudia tangu mwanzo.

"Huyu ni yuleyule wa 'ngumu'," akasema.

Nikaitazama ile fremu tupu.

"Anaandika vizuri. Sijaona kosa." Akaikunja barua mara mbili, akaitia kifuani. "Ofisi yenu ina mashine ngapi za kuchapa?"

"Moja, mama."

"Nasikia nawe wamekuthibitisha."

"Ndiyo, mama."

"Hongera, mwanangu," akasema, akainuka kukusanya vikombe.