Puto la Chachu Nyuma ya Baba Mkwe

Jamani, mkinicheka nichekeni kwa adabu, maana habari hii mpaka leo nikiisimulia natamani nijifunike shuka.

Mimi natengeneza pombe ya mtama nyumbani kwangu hapa Nkende, kidogo tu, ya kunywa mwenyewe (najua huku kwetu hiyo ni kazi ya akina mama, nimeshasemwa vya kutosha). Sasa kuna swali lilikuwa linanisumbua: ile chachu nzito inayobaki chini ya ndoo ukishamimina pombe, kwa nini tuimwage halafu twende dukani kununua hamira nyingine? Nikaitia kwenye chupa, nikaihifadhi kwenye friji, lakini umeme ulikuwa unakatika mara kwa mara, ikafika mahali sijui kama chachu iko hai au imekufa. Nikasikia kwamba ukiichanganya na maji ya vuguvugu yenye sukari, ukavisha mdomo wa chupa puto, basi puto likijaa ujue iko hai. Dukani nikapata puto la njano lenye uso unaocheka.

Tatizo ni kwamba nililivisha asubuhi ya siku ambayo wazazi wa mchumba wangu, Ghati, walikuwa wanakuja kuona ninapoishi. Nilijua watakuja jioni, wakaja mchana! Baba yake ni mzee wa kanisa, pombe hataki hata kuisikia, na mimi nilishamwambia sinywi, kwa hiyo nikaisukuma chupa nyuma ya kochi, nikafungua mlango, "Shikamoo baba, shikamoo mama, karibuni," na baba akaenda moja kwa moja kukaa kwenye kochi lile lile.

Mama akanusa. "Mbona kuna harufu humu?"

"Ni uji, mama. Umechacha."

Baba akasema tuombe kwanza. Katikati ya maombi nikafungua jicho moja, nikaona kichwa cha njano kinapanda taratibu nyuma ya bega lake, kinacheka, kinazidi kunenepa, na kusema kweli kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha: iko hai! Ghati, aliyekuwa amekuja nao, naye akaliona, akauma khanga yake. Nikanyata kwenda kuichukua chupa, badala yake nikashika puto, likachomoka, likaruka sebuleni likipiga mluzi, na povu likaruka juu na kummwagikia baba kichwani mpaka kwenye koti, hata amina hajasema.

Baba akajipangusa uso, akanusa kiganja.

"Kijana, huu ndio uji?"

Mama akainama, akaokota chupa, akachovya kidole, akaonja. "Chachu yenyewe nzima kabisa," akasema, "ila sukari umezidisha, na hii usingeifunga hivi, inataka kupumu..." Baba akamgeukia polepole.

"Mama Ghati. Na wewe umeyajulia wapi hayo?"

Waliondoka bila kugusa chakula. Nilikaa siku kadhaa nikijua mchumba sina tena, halafu nikajikaza, nikaenda kwao, nikamweleza baba ukweli wote, kwamba nakunywa na kwamba natengeneza mwenyewe. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Pombe yako siipendi. Lakini ungeniambia pale mlangoni, ningechagua kiti kingine."

Ghati nilimwoa. Chachu bado natunza, siwadanganyi, ila mtu akiniuliza kama nakunywa, namjibu kabla hajakaa.