Hodi Kwenye Mtandao Usio na Mwenyewe

Jirani yangu pale Rau ni fundi cherehani. Chumba chake cha kushonea kinapakana ukuta na nyumba niliyopanga. Yeye ni mtoto wa mjini, kwao ni Waislamu wa Moshi wenye damu ya pande nyingi. Mimi ni binti wa wakulima wa kahawa kutoka Masama, nafundisha shule ya msingi. Tumezoeana hivi kwamba majina tumeshayasahau: mimi namwita Fundi, yeye ananiita Mwalimu.

Kwa miaka mingi sote wawili tulikuwa kwenye mtandao mmoja mkubwa wa kijamii. Mimi niliweka picha nilizopiga msituni Rau, za ndege na vipepeo na miti mikubwa. Fundi aliweka magauni. Mwanzoni watu walituona, wakatoa maoni, tukacheka nao. Kisha mambo yakabadilika kidogo kidogo. Nikifungua simu asubuhi nakutana na matangazo ya dawa za kupunguza tumbo, watu wasiojuana wakitukanana, na kijana anayevunja mayai kwa paji la uso. Siku moja dada yangu aliniuliza kwa nini nimeacha kuweka picha. Nilikuwa nimeweka asubuhi ile ile.

Jumamosi moja Fundi akaniita kupitia dirishani. "Mwalimu! Acha hivyo vyombo, njoo!"

Nilimkuta na mkanda wa kupimia shingoni, cherehani imesimama katikati ya mshono, jambo ambalo kwake ni nadra. Mteja wake, mama mmoja aliyekuja kujaribu gauni la harusi ya mdogo wake, alikuwa amesimama na mkono mmoja wa gauni umebandikwa pini, akingoja.

"Nimehama," Fundi akasema.

"Umehama nini, chumba?"

"Mtandao, bwana. Nimepata mwingine. Huu hauna mwenyewe."

Nikacheka. Kitu kisicho na mwenyewe, kwetu mlimani, kitakuwa kimekufa au kimeibiwa. Lakini akanivuta kwenye kiti, akanieleza kwa pupa huku pini zikiwa bado mdomoni. "Laini yako ya simu na yangu ni za kampuni mbili tofauti, si ndiyo? Lakini tunapigiana. Basi na huku ni hivyo. Kuna seva nyingi, kila moja ina mtu wake anayeitunza, ina watu wake na taratibu zake. Wewe unakaa kwenye moja, mimi kwenye nyingine, na tunaonana kama kawaida. Hakuna tajiri mmoja anayeamka siku moja na kuamua tuone nini."

"Sasa nichague seva gani?"

"Yoyote unayoipenda."

Hapo ndipo nilipotaka kurudi kwenye vyombo vyangu. Zilikuwa nyingi. Kulikuwa na ya wapenda muziki, ya wapishi, ya watu wa mji fulani nisioujua, ya wanaoandika programu za kompyuta. Nikashuka na kidole mpaka nikaikuta ya watu wanaopenda miti na viumbe wa porini. Ikaniuliza kwa nini nataka kujiunga. Nikaandika ukweli, kwamba nakaa karibu na msitu na natamani kuongea na mtu anayejali ndege. Kisha ikasema ningoje, kuna mtu atasoma maombi yangu.

"Mtu? Mtu kweli?"

"Mtu kabisa," Fundi akasema, akamrudia mteja wake.

Alikwenda kuswali Alasiri, akarudi, nikiwa bado naitazama simu kama mtoto anayengoja matokeo. Ndipo jibu likaja. Mwanamke anayeitunza ile seva alinikaribisha kwa maneno machache ya Kiingereza, akaniambia kwamba kwao matusi hayaruhusiwi, na akaniuliza ni ndege gani wanaoimba alfajiri huku kwetu. Kwenye mtandao wa zamani nilikaa miaka yote ile, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali.

Lakini nilipoingia ndani nikakuta kimya. Ukurasa ulikuwa mtupu kama darasa wakati wa likizo.

"Fundi, humu hamna watu."

"Wapo. Ila hakuna atakayekuletea. Unawatafuta mwenyewe, na unabisha hodi."

Nikabisha. Niliandika: "Hodi. Mimi ni mwalimu, naishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Ni mgeni, sijui hata nibonyeze wapi." Nikaweka na lile neno lenye alama ya reli, #, ambalo wageni wote hutumia kujitambulisha, nikaiweka simu mezani, nikamsaidia Fundi kushika pindo la gauni.

Simu ikalia. Ikalia tena. "Karibu," mtu ameandika kutoka Kisumu. "Karibu sana," mwingine wa nchi ya baridi ambaye aliwahi kujifunza Kiswahili chuoni, na alikuwa amekosea herufi moja nikampenda zaidi kwa hilo. Mwingine akanielekeza pa kubonyeza. Mwingine akatuma picha ya mlima wa kwao, mdogo, kama wa kuchezea, akisema milima yetu inasalimiana. Nikapiga yowe. Mteja wa watu akashtuka, pini ikamchoma, na badala ya kukasirika akasema, "Hebu na mimi nione!" Tukawa vichwa vitatu juu ya simu moja.

Wiki zile za mwanzo nilikuwa kama mtu aliyehamia mtaa mpya wenye majirani wema. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba maandishi yalikuja kwa mpangilio ule ule yalivyoandikwa, na yalikuwa na mwisho. Nilisoma, nikafika chini, yakaisha. Siku ya kwanza nilidhani simu imeharibika. Kisha nikaelewa, nikaiweka chini, nikaenda kufua nguo huku nikiimba.

Fundi naye aliona kasoro, na hakuzificha. Wateja wake wa Moshi hawakuwemo mle. Alipoweka gauni la kitenge, hakuna aliyeagiza. Ila watu wakamuuliza alivyokata ile shingo, akaeleza, wakauliza zaidi. Baadaye akaamua kuhamia seva nyingine ya mafundi wa kazi za mikono. Nilidhani ataanza upya, masikini. Alibonyeza alipobonyeza, na waliokuwa wakimfuata wakahama naye. "Mwalimu, tazama!" alisema, akiwa amesimama kabisa. "Nimehama nyumba na majirani wangu wote!"

Mimi nilikuwa nimeweka picha ya mbega juu ya mti. Akaja mtu wa Bukoba, mpiga kinanda wa kanisani, kutoka seva nyingine. "Dada yangu, samahani," akaandika. "Mimi sioni, simu yangu hunisomea. Imeniambia kuna picha, basi. Ina nini?"

Kumbe kulikuwa na mahali pa kuandika maelezo chini ya picha, na wenyeji wote walikuwa wakiandika. Nikaandika: mbega ameketi kwenye tawi. Akashukuru, akauliza ameketije. Nikarudi kuitazama picha yangu mwenyewe. Manyoya meupe yanamshuka ubavuni kama kanga iliyomlegea mabegani, nikaandika. Mkia umening'inia, mweupe, mzito kama kichala cha mahindi yaliyofungwa darini. Ananitazama mimi, si kamera. Nilikuwa nimepiga picha za mbega miaka mingi, na sikuwa nimemwona.

"Sasa nimemwona," yule bwana akajibu. Kisha akaomba jambo jingine: "Na nyumbani kwenu kunasikikaje?"

Jumapili iliyofuata nilipanda Masama. Baada ya misa nikamsalimia mama shikamoo, nikaingia kihambani, kwenye shamba letu la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, nikaanza kurekodi. Nilipata maji ya mfereji, majani ya migomba yakisuguana, na mama akimgombeza ng'ombe kwa Kichagga kwa sababu amemwaga ndoo.

"Unafanya nini na simu zizini?" mama akauliza.

"Nakurekodi, mama. Kuna watu wanataka kusikia."

"Wanisikie nikigombana na ng'ombe? Umerukwa na akili!"

Lakini hakuniambia nifute, nami nikaiweka mtandaoni pale pale. Yule bwana wa Bukoba alifurahi sana, akasambaza, na wengine wakasambaza kutoka seva hadi seva. Tulipokuwa tunakula mtori, supu yetu ya ndizi, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa mwanamke mtu mzima, muuguzi mstaafu anayeishi ng'ambo tangu ujana wake. Alikuwa akiongea Kichagga, kile cha kwetu hasa cha Masama, cha zamani, chenye maneno ambayo mimi nilikuwa nimeyasikia kwa bibi tu. Alikuwa akicheka na kulia pamoja. Alisema alipomsikia mama akimgombeza ng'ombe alisimama jikoni kwake na hakuweza kukaa.

Mama aliweka kijiko chini. "Rudisha nisikie."

Nikarudisha. Akasikiliza ameinamisha kichwa, uso wake ukachangamka kuliko nilivyouona siku nyingi.

"Huyu ni wa ukoo gani?" akauliza. "Hebu nipe hiyo simu."

Nikamwonyesha pa kubonyeza. Akaanza kuongea. Alimwambia nani amekufa, nani amejenga, kahawa ya nani imeng'olewa, kanisa limeezekwa upya, mto umepungua maji. Aliongea hadi mtori ukapoa, na mimi nikamwambia, "Mama, sauti ina kikomo, imejaa."

"Imejaa?" akasema, bila kunirudishia simu. "Basi anza nyingine."