Barua ya Asante

Celestina alikuwa na mwandiko mzuri, na ndio uliomponza.

Aliupata kwa masista huko Bukoba, akaja nao Mwanza mwaka tisini na mbili, pamoja na sanduku la mbao na mtoto mgongoni. Kiwanda cha minofu kando ya ziwa hakikuwa na haja ya mwandiko, kilitaka mikono. Basi akashika kisu, akawa anakata minofu ya sangara tangu saa moja asubuhi, kasimama kwenye maji baridi, viatu vya mpira vinavuja. Kwa karatasi, kutoka ilikuwa saa tisa alasiri. Kwa kweli walitoka saa kumi na mbili, na samaki wakiwa wengi ndiyo kabisa, hukumbuki nyumbani.

Saa hizo za ziada walilipwa mapanki. Ndiyo, mapanki: vichwa na mifupa iliyobaki baada ya minofu kupanda ndege kwenda Ulaya! Ndoo moja kwa kila mtu, Jumamosi. Celestina alikaanga, akala na mwanawe, akauza yaliyozidi pale Ilemela, na kuta za nyumba aliyokuwa akijenga juu ya mlima wa mawe zikaendelea kungoja bati.

Mwaka wa nne, Rwehumbiza, ofisa utumishi, Mhaya mwenzake, akamwita ofisini na kumpa kiti. Kiti! Hapo ndipo angepaswa kushtuka.

"Dada, bosi kasikia mnanung'unika, anataka kufuta hata hayo mapanki. Mwandikieni kabarua ka shukrani. Weka kwamba mmelipwa saa zenu zote na hamdai kitu. Ni heshima tu, apoe."

Celestina akaandika, tena kwa raha, maana alikuwa hajashika kalamu miaka mingi. Alipoipitisha, Mhoja, Msukuma wa Bujora aliyesimama naye meza moja, akauliza imesema nini, kwa kuwa hakujua kusoma.

"Asante ya mapanki," Celestina akamjibu. Mhoja akaweka dole gumba, na wengine sitini wakafuata.

Mwaka uliofuata wakasikia kwamba sheria inataka saa ya ziada ilipwe fedha, mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Celestina akapiga hesabu yake: fedha hizo zingetosha bati zote, na mlango pia. Yeye na Mhoja wakaenda kwa afisa kazi wa serikali.

Afisa aliwasikiliza mpaka mwisho. "Sheria iko upande wenu, mama. Ila mwajiri ameshaleta hii." Akaisukuma karatasi mezani. "Nani aliandika?"

"Mimi."

"Basi msomee mwenzako."

Celestina akasoma. Tumelipwa saa zetu zote za ziada, wala hatudai chochote. Hakuna herufi iliyopinda. Masista wale walifundisha vizuri, na siku hiyo aliwachukia.

Mhoja alikitazama kidole chake, kisha akamtazama yeye.

"Dada Celestina," alisema, "uliniambia ni asante."