Ubeid na Magari Yaliyonyamaza

Ubeid bin Muaz bin Thabit bin Awadh. Awadh ndiye aliyetoka Shihri, pwani ya Arabuni, akauza kahawa kwa miguu Kariakoo nzima mpaka akapata kibanda. Thabit akakigeuza kibanda kuwa duka la mafuta ya taa, na wakati wa vita, mafuta yalipoadimika, aliwapimia wote sawa, mwenye baibui na mwenye kaniki. Muaz, baba yetu, alichoka kukaa nyuma ya kaunta, akanunua lori la Bedfodi, akawa anapeleka chumvi na sukari Lindi. Enzi hizo Rufiji haina daraja, unalala Ndundu kusubiri pantoni, na masika yakikukuta Kibiti shauri yako. Hakuwahi kuacha mzigo wa mtu njiani.

Lori lile lilifia huko huko kusini, hakulirithi mtu. Alichorithi Ubeid ni kusikiliza. Alipoanza kuota ndevu, baba alimpakia mbele, wakiwa katikati ya pori anamuuliza: "Nini hicho kinalia?" Ubeid anajibu, mkanda wa feni, au springi ya nyuma. Akikosea baba hamsahihishi. Anaendesha vile vile mpaka kitu kivunjike, washuke, waone wote wawili. Mimi ni Moza, dada yake mkubwa, nilimbeba mgongoni huyu, kwa hiyo haya sikusimuliwa.

Basi kwa miaka mingi hapa Kariakoo na Mchafukoge, mtu hakununua gari kuukuu bila kumpitia Ubeid. Alikuwa na masharti yake. Gari lilale, lisiwashwe mpaka afike. Kwanza anaweka kiganja juu ya boneti. Akikuta joto anageuka na kuondoka, haagi, maana muuzaji amekwisha lipasha ili kuficha kilio chake. Akikuta baridi anasema, "Washa," anafumba macho, na hapo hata muuza madafu anajua kunyamaza. Hakulipwa. Kikombe cha kahawa na kipande cha kashata, basi. Akisema "zima" au "gonjwa," mjadala umekwisha.

Na maoni! Ukitaka kumchelewesha mtu kazini, mkalishe na Ubeid barazani halafu umtajie gari. Alivyowasema watengenezaji, ungedhani ni mwanamke anawasema mawifi zake. Mwingereza alitengeneza Landrova kwa mikono miwili, kisha akaanza kuwatengenezea mabwana wanaoogopa matope. Mjerumani hodari, ila anadhani kila mtu ana fundi wa Kijerumani nyumbani. Mjapani wa zamani, wa Datsuni na Krauni za chuma, alimpa heshima yake. Wa sasa alimwita muuza sufuria. Mfaransa ndiye kipenzi. Ubeid mwenyewe alikuwa na Pijo 504, ile yenye nyuma ndefu ya mizigo, rangi ya maziwa, analilaza uani kwetu. "Mfaransa alijua kuwa barabara ni mbovu na abiria ana mgongo," alikuwa akisema.

Bei ndizo zilizomtia uchungu zaidi. "Gari unalinunua Japani mara ya kwanza, unalinunua bandarini mara ya pili kwa ushuru, halafu dalali anakuuzia herufi!" Alikuwa na maana ya namba. Gari lenye namba za karibuni hupanda bei, hata kama lenyewe ni kuukuu kuliko la jirani lenye namba za zamani. Herufi inaonyesha lilisajiliwa lini hapa kwetu, haionyeshi limeteseka wapi kabla ya hapo. Vijana hawajali. Wanataka herufi mpya, rimu za kung'aa, na kioo cha kugusa pale mbele.

Godbless, dalali wa magari anayekaa kona ya Msimbazi, alikuwa akimchokoza makusudi. "Shikamoo mzee wangu. Wateja wangu mimi hawanunui injini, wananunua picha. Naiweka kwenye simu asubuhi, mchana nimeuza."

"Mtu anaoa kwa picha?"

"Wengi tu, mzee wangu. Na wakioneshwa mwenyewe wanasema picha ilikuwa nzuri zaidi."

Baraza zima lilicheka, na Ubeid naye.

Kisha, yapata miaka miwili sasa, Ubeid akabadilika. Akirudi kutoka yadi ya magari anasifu. "Da Moza, Mjapani amejirudi! Ukiwasha hujui kama limewaka. Limetulia, limelala." Kila gari kwake likawa zima. Vijana wakafurahi: "Mzee kaamka, sasa yuko na sisi!" Godbless, aliyekuwa akimkwepa na magari yake, akaanza kumfuata hadi mlangoni. Nyumbani redio ikapandishwa sauti, Ubeid akisema watangazaji wa siku hizi wananong'ona. Tukacheka. Mtu aliyeilaumu dunia umri mzima, siku akianza kuisifu, nani atamwuliza kulikoni?

Magari hayakuwa yametulia. Ni masikio yake yaliyokuwa yanaziba, polepole, sauti nyembamba zikitangulia kuondoka, naye akawapa sifa hiyo watengenezaji.

Hapo ndipo anapoingia Sabaha. Sabaha ni mjane wa mtaani kwetu, anapika pilau na biriani za maofisini na za harusi. Vyungu vyake vilikuwa vinapanda bajaji, nusu ya mchuzi inabaki barabarani Jangwani. Akauza bangili zake za harusi, za mkono wa kulia na za kushoto, akaenda kwa Godbless akaoneshwa kigari cheusi chenye mlango mpana nyuma na namba mpya. "Silipi mpaka Kaka Ubeid asikilize," alisema.

Siku hiyo Anfal, binti wa Ubeid, ndiye aliyempeleka baba yake, kwa sababu siku hizo pikipiki zilikuwa zinamshtua barabarani. Anfal anauza vitambaa Mchafukoge. Tangu mdogo aliliosha lile Pijo, akasimama nyuma ya baba yake kila lilipowashwa, lakini yadi alikuwa hajawahi kupelekwa. "Yadi si pahala pa mtoto wa kike," Ubeid alikuwa akisema, na sisi wengine tukiitikia.

Boneti ilikuwa baridi. "Washa."

Kigari kikawaka, na ndani yake kikawa kinagonga, ko, ko, ko, kama mtu aliyefungiwa chooni. Sabaha alisikia. Anfal alisikia. Godbless akainamia simu yake. Ubeid kafumba macho, anatabasamu.

"Baba, mbona kama kinagonga?" Anfal aliuliza.

Hakujibu. Alipofumbua macho akaona mdomo wa bintiye unacheza mbele za wanaume, akamkata jicho. Anfal akanyamaza.

"Hili ni zima," akasema Ubeid. "Mungu amweke Mjapani huyu."

"Nilisikia, Da Moza," Sabaha aliniambia baadaye. "Nikajiambia, mimi mpika pilau najua nini? Labda magari mapya ndivyo yanavyoimba. Kaka Ubeid hawezi kukosa."

Kigari hakikumaliza msimu wa harusi. Ijumaa moja, kimebeba chakula cha harusi ya Kigamboni, kabla hakijafika Kivukoni kuvuka, injini ikanoki. Chuma kilitoboka, oili ikatapakaa njiani, pilau ikapoa mbele ya askari wa barabarani. Harusi ya watu ikala mikate ya dukani. Fundi akamwambia Sabaha kuwa injini hiyo ilikuwa inakufa tangu siku aliyoinunua. Na waliokuwa wamempa kazi za mwezi uliofuata wakapiga simu mmoja mmoja kuzifuta.

Sabaha alikuja barazani alasiri moja, watu wamejaa. Hakuja kugomba. Sauti yake ni ndogo siku zote.

"Kaka Ubeid, sikuja kukudai. Nataka kujua tu. Siku ile ulisikia nini?"

Ubeid akamtazama, akatabasamu kwa heshima zote. "Alhamdulillahi, Sabaha. Gari linaendeleaje? Mpeni kahawa huyu."

Mmoja akacheka, akidhani ni mzaha. Sabaha akasimama pale.

"Hata jibu sistahili, Kaka?"

Akaiweka funguo ya kigari kwenye sinia la kahawa, akaondoka. Ubeid akaiokota, akatutazama mmoja mmoja, anatafuta nani atamweleza. Kila aliyemtazama aliinamia kikombe chake. Wengine walikuwa wamekwisha jua kitambo, nikaona. Walimwonea haya, na ile haya ndiyo iliyomla Sabaha.

Anfal ndiye aliyepiga magoti mbele yake, akamsogelea uso kwa uso, akasema kwa nguvu na kwa taratibu. "Baba, nitazame mdomo. Kigari cha Sabaha kimekufa. Siku ile kiligonga. Sote tulisikia. Wewe hukusikia."

"Unaniaibisha kwa watu."

"Husikii, Baba."

Ubeid aliinuka, akaingia uani, nasi nyuma yake. Akaifungua boneti ya Pijo, akaketi kwenye usukani, akawasha. Uani kwetu ni padogo. Pijo likiwaka vikombe vinalia kabatini. Pale kwenye kioo cha ndani alikuwa ametundika tasbihi ya baba yetu. Shanga zikawa zinatetemeka. Ubeid akazitazama zile shanga, kichwa amekiinamisha upande kama alivyozoea, muda mrefu.

"Linawaka?" akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Hata Mfaransa amenyamaza," alisema. Akazima.

Nilidhani atalia. Hakulia. Alimwita Anfal akae kiti cha pembeni, kama kile alichokuwa akikalia yeye kwenye lori la baba. "Mbona hukuniambia pale pale?"

"Nilikuambia, Baba," alisema Anfal taratibu, akimwelekezea uso. "Ukanikata jicho."

Ubeid aliushika usukani. Kisha akasema, "Nilipokosea, baba yangu aliendesha mpaka kikavunjika, nikaona. Lakini lori lilikuwa lake. Mimi nimeona kwa kuvunja la Sabaha." Akampapasa Anfal mkononi. "Na wewe nilikuacha unaosha matairi."

Akachomoa funguo ya Pijo, akampa.

"Kuanzia kesho vyungu vya Sabaha vitapanda humu, mpaka nimpatie injini nyingine. Utaendesha wewe. Akikataa, mwambie sijamwomba ruhusa."

"Linakunywa petroli kama ngamia hili," Anfal akasema mdomo karibu na uso wake.

"Linywe. Petroli juu yangu. Sasa nisikilize. Kuna magari niliyoyapitisha tangu nianze kumsifu Mjapani. Noah nyeupe ya Athanas, pale Msimbazi. Lile jekundu la Benedikta muuza vitenge. La Ignasi, la kubebea watoto wa shule. La Thuraya." Akayataja yote, rangi na mwenyewe na mahali anapokaa. Maana kichwa chake hakijaguswa. "Uende alfajiri, hayajawashwa. Weka kiganja kwanza. Kisha fumba macho."

"Nikikuta gonjwa?"

"Mwambie mwenyewe pale pale."

"Wataniuliza nani kanituma. Wataniuliza wewe uko wapi."

Ubeid akaitazama tena ile tasbihi, sasa imetulia.

"Sema Ubeid bin Muaz hasikii. Usiseme kwa kunong'ona, watu watadhani ninaficha." Akafungua mlango, akashuka, akauacha usukani wazi kwa binti yake. "Anza na la Ignasi, lina watoto wa watu. Na lile ndilo nililolisifu kuliko yote."