Wembe Kwenye Utepe wa Mzee Wekesa

Nakumbuka Ijumaa moja hapa Doha, mwanangu, Ijumaa niliyokata sauti ya marehemu kwa wembe nikidhani nakata kelele. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili. Mvi hizi unazoziona hazikuwapo, na busara nayo haikuwapo.

Nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja, nikiishi mtaa wa Abu Hamour na Wakenya wenzangu. Rafiki yangu mkubwa alikuwa Ssali, Mganda aliyetengeneza redio katika karakana moja kule Industrial Area, kwenye viwanda. Kilichotuunganisha ni santuri za zamani. Hatukuzitafuta za wanamuziki mashuhuri. Tulipenda zile za vijana wa miaka ya sitini waliopiga magitaa ya umeme ndani ya gereji, wakarekodi wimbo mmoja au miwili, kisha wakapotea. Huyu akawa karani, yule akarudi shambani. Walikuwa nani? Ile sauti ya gitaa inayokwaruza kama bati waliipataje? Basi tukaamua kuzitoa upya nyimbo hizo, tena kwa njia zilezile za kale: utepe wa kunasia sauti, mashine yenye taa za kioo ambazo lazima zipate moto kwanza, na mwisho sindano ichonge santuri. Kompyuta tuliipiga marufuku. Tulijivuna, mwanangu, acha tu.

Ssali aliokota kinasa sauti kikuukuu kwenye vyuma chakavu, akahangaika nacho miezi mitatu mpaka kikafufuka. Habari ikamfikia Nafula, muuguzi tuliyesali naye kanisani. Baba yake, Mzee Wekesa, ujanani alipiga gitaa katika bendi ya vijana wanne huko Nakuru. Alipokuja kumtembelea binti yake kutoka Bungoma, alibeba mkebe wa biskuti, na ndani yake utepe wa siku waliyorekodi wimbo wao wa pekee. Santuri yake ilikuwa imechakaa hata haisikiki, na kwa miaka arobaini hakuwa amepata mashine ya kuuchezea ule utepe. Nafula akatuletea mkebe Alhamisi. Mzee mwenyewe angekuja kesho yake baada ya ibada, maana hapa hata sisi Wakristo husali Ijumaa, siku ya mapumziko.

Tungemngoja. Lakini shauku ilikuwa inaniwasha kama upupu. Asubuhi ya Ijumaa tukauweka utepe kwenye mashine. Kwanza kikalia kiti, kitu kikagongwa, mtu akaguna mbali na maikrofoni. Kisha magitaa yakalipuka, nami nikaruka kwa furaha.

"Mwanzo huu mchafu," nikasema. "Mafundi wa kale walikata kwa wembe. Na sisi tukate."

"Ngoja mwenyewe aje," Ssali akanionya.

"Aje akute kazi safi."

Nikakata kipande cha kama shubiri moja, nikakitupa sakafuni, nikaunga utepe. Mimi niliyezoea kufuta kosa kwa kubofya kitufe! Nilisahau kwamba wembe haurudi nyuma. Baada ya hapo Ssali akafagia karakana, maana mgeni alikuwa njiani.

Mzee Wekesa aliingia amevaa koti la suti katika joto lile, Nafula kamshika mkono. Tukamkalisha, nikawasha mashine. Magitaa yakaanza. Akainua mkono.

"Rudisha nyuma, kijana. Umeanzia katikati."

"Huo ndio mwanzo, Mzee. Niliondoa kelele kidogo tu."

"Kelele gani?"

Nikamweleza: kiti, mgongano, mguno wa mtu. Mzee akaushusha mkono. Nafula akamgusa bega. "Baba?"

"Huyo hakuguna," Mzee akasema. "Ni Simiyu, mdogo wangu. Ndiye aliyepiga ngoma. Alisema, 'Twende, kaka!' Mwaka uleule akaugua, akafa. Sauti yake haiko pengine popote."

Wazee walisema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja hata saa moja. Nilitoka mbio hadi kwenye gunia la taka. Tukalimwaga juani, mimi, Ssali, na Nafula na gauni lake la kanisani, tukapekua nyaya, skrubu na maganda ya machungwa. Tulikipata kile kipande kimekanyagwa na kuchanika; nusu yake ya pili hatujaipata hadi leo. Ssali alikisafisha kwa pamba, akakiunga mahali pake. Mikono yangu sikuiamini tena.

Akawasha. Kiti kikalia. Fimbo ya ngoma ikagonga. Halafu, kwa mbali, sauti ya kijana: "Twende, ka—" na magitaa yakaingia.

Mzee alifumba macho. "Kaka," akamalizia polepole. Akacheka, kisha akalia, na hatukujua tumtazame au tutazame chini.

Nilipiga magoti nikingoja matusi. Akaniambia, "Inuka. Masikio unayo, kunishinda mimi. Ulisikia kila kitu. Ila ulisikia jambo usilolijua, ukalibatiza mwenyewe: kelele. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kesho uje na daftari."

Nilikwenda kesho yake, na siku nyingi baadaye. Nikajua kwamba mngurumo ulio chini ya wimbo ni wa jirani aliyekuwa akichomelea geti na akakataa kuacha. Gitaa lilikwaruza kwa sababu spika ilinyeshewa mvua. Na Simiyu alisikika mbali kwa kuwa ngoma zake zilizidi kishindo, wakamtoa akapigie uani, mlango ukaachwa wazi. Yote hayo ningeyasafisha!

Santuri ilitoka, nakala chache tu, ikianza na neno lile lililokatika. Hadi leo wanunuzi huniuliza kama ina hitilafu. Nawajibu kwamba hitilafu ni mimi.

Basi mwanangu, uliyefika juzi na shahada yako, ofisini wanakusifu kwa wepesi wa kurekebisha mambo. Hamu ya kujua ni neema, usiizime. Lakini ukikuta jambo la watu usilolielewa, uwe utaratibu wa kazini, desturi ya wenyeji wa hapa, au ukimya wa mama yako kwenye simu, usikimbilie kulinyoosha. Muulize mwenyewe, na umuulize angali hai. Anayeuliza huchelewa kidogo. Anayekata kwanza huchelewa maisha yake yote.

Mungu akupe subira ya kumngoja mwenye mali, na ulimi usioona haya kuuliza. Akulinde katika nchi hii ya watu, akurudishe kwenu ukiwa mzima, na uwakute wazee wako wakiwa bado na pumzi ya kukusimulia. Amina.