Mama Mkwe Bwaloni

Nilipomaliza kidato cha nne sikutaka kukaa Migori hata wiki moja. Niliuza viazi Kosele nikachoka, nikaishia Homa Bay nikipasua kuni katika chuo cha walimu. Chuo hakikuniajiri. Mimi na wapishi tulikuwa watu wa kontrakta, na watu wa kontrakta hawakuruhusiwa kuketi bwaloni. Tulikula tumesimama nyuma ya jiko, chini ya ukingo wa mabati. Mvua ikinyesha, ulikula huku mchuzi ukizidi kuongezeka.

Mpishi mkuu, mama mnene mwenye ulimi mkali, alikuwa akikohoa vibaya, na daktari alikuwa amemkataza baridi. Mwanafunzi mmoja, aliyemwoa binti yake, aliamua kutupigania. Alimwendea mkuu wa chuo mara nyingi hata mkuu akawa akisikia viatu vyake anafunga mlango. Kontrakta alipinga, akidai wanafunzi hawatakubali kula na vibarua. Mwishowe mkuu akatuambia, "Tutajaribu kesho mchana. Mwanafunzi mmoja akitoka kwa sababu yenu, mnarudi nje."

Tulishangilia mpaka jioni. Hakuna aliyekumbuka kwamba kwetu Wajaluo mwanamume hali mbele ya mama mkwe wake. Siku zote ukuta wa jiko ulikuwa umewasitiri wale wawili.

Kesho yake tuliingia tumenawa mpaka viwiko. Mama akaketi. Mkwewe akaingia, akamwona, akasimama kama aliyekanyaga msumari, kisha akaanza kurudi kinyumenyume. Mlangoni alikuwapo mkuu, na kando yake kontrakta akitabasamu.

Nilimkamata mkwe mkono, nikamketisha karibu nami.

"Mwalimu, ukitoka tumekwisha," nikamnong'oneza. Wanafunzi wote tuliwaita mwalimu, hata waliofeli.

"Siwezi kula hapa. Afadhali nife njaa."

"Basi kufa, lakini fia ndani."

Mama alikuwa ameona yote. Hakumsemesha yeye, alinisemesha mimi, kwa sauti iliyofika kila meza. "Wewe wa kuni. Mwambie huyo mwana wa watu ale. Nimekuja kuketi, sikuja kuhesabu matonge yake."

Akainuka, akageuza benchi, akaketi uso ukutani na mgongo kwetu. Wapishi wengine wakageuza mabenchi yao bila kuuliza, wakaendelea kula.

Mkuu, aliyetoka mbali na asiyejua mila zetu, alinijia.

"Kwa nini wamegeukia ukuta?"

"Nilikwambia hawana adabu," akasema kontrakta, mgeni vilevile.

"Wanasali, bwana mkuu," nikajibu.

"Huku wanatafuna?"

"Ni sala ndefu. Chakula kingepoa."

Mkuu alivua kofia, akainamisha kichwa. Kontrakta naye ikambidi. Wawili hao wakiwa wamefumba macho, mkwe alimeza tonge lake la kwanza. Mkuu alipofumbua, aliwaambia wanafunzi waige uchaji wa wapishi.

Masika yalitukuta ndani, na kile kikohozi kikapungua. Mama aliendelea kula akiutazama ukuta mpaka mkwewe alipomaliza masomo. Siku aliyoondoka, mama aligeuza benchi, akaniambia nisogee, maana alitaka kuona hilo bwalo lenyewe likoje.